Ukaa Ulio Ndani ya Ubao

Tuanze na mkaa.

Chukua kopo la bati lenye kifuniko, la maziwa ya unga kwa mfano. Toboa kifuniko kwa msumari, tundu moja dogo tu. Jaza vipande vya mbao kavu vya ukubwa wa kidole, funika, kisha uliweke kopo juu ya moto wa kuni, nje ya nyumba. Muda si mrefu tundu litaanza kutoa moshi mweupe, mzito; mwingi wake mwanzoni ni mvuke wa maji. Baadaye moshi hugeuka manjano, na ukiusogezea njiti ya kiberiti hushika moto pale pale kwenye tundu. Ngoja mpaka ukome wenyewe. Liache kopo lipoe kabisa kabla ya kulifungua, maana yaliyomo yakikutana na hewa yangali ya moto yatawaka.

Ukifungua utakuta vipande vyako vimekuwa vyeusi ti, vyepesi, lakini umbo halijapotea. Mistari ya nyuzi ipo. Fundo lilipochipua tawi lipo. Vimepungua uzito mno, kwa sababu maji na gesi vimetoka, na kilichobaki ni mkaa, ambao karibu wote ni kaboni. Haukuungua kwa sababu hewa haikupata njia ya kuingia. Hukuutengeneza wewe mkaa huo. Ulikuwamo ndani ya ubao tangu mwanzo, umefungamana na maji na vitu vingine, nawe umeufungua tu.

Neno kaboni lina asili ya Kilatini, na huko asili hiyo maana yake ni mkaa. Wataalamu wetu walipotafuta jina la gesi inayoongeza joto la dunia, wakaiita hewa ukaa. Nalipenda jina hilo. Linamwambia mpishi wa jikoni kwamba jambo linalojadiliwa na wakuu wa dunia ni lile lile lililo chini ya sufuria yake.

Sasa swali. Mkaa ulio ndani ya ubao uliingia humo kwa njia gani?

Jibu linalokuja kwanza ni udongo. Mti una mizizi, mizizi iko ardhini, basi mti hula ardhi. Katika karne ya 17 tabibu wa Flanders, Jan Baptist van Helmont, aliamua kulipima jibu hilo badala ya kulibishania. Alikausha udongo tanurini, akapima ratili 200, akautia ndani ya chombo kikubwa, akapanda mche wa mti wa kandokando ya mito ya kwao, wenye uzito wa ratili 5. Akafunika chombo ili vumbi lisiingie, akawa anamwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 akaung'oa mti na kuupima: ratili 169 na wakia 3 hivi. Kisha akaukausha tena ule udongo. Ulikuwa umepungua wakia 2 tu.

Wakia 2 za udongo haziwezi kuzaa ratili 164 za mti. Van Helmont akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, maana ndiyo pekee aliyoyaongeza. Alisahau kitu kimoja kilichokuwa kikiugusa mti usiku na mchana bila yeye kukimwaga, yaani hewa. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, naye ameshafariki. Ilichukua zaidi ya karne nyingine mpaka Jan Ingenhousz alipoonyesha, mwaka 1779, kwamba majani ya kijani huibadili hewa yakiwa juani tu. Na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure akathibitisha kwa mizani kwamba mmea huchukua hewa ukaa angani na maji ardhini, ukajijenga kwa vyote viwili. Ndio usanisinuru tunaofundishwa shuleni, mara nyingi haraka kiasi kwamba ajabu yake inatupita. Katika kila chembe 10,000 za hewa, chembe za hewa ukaa ni 4 na ushei. Kutokana na hizo 4 mwembe hujipatia shina ambalo watu wawili hawawezi kulikumbatia.

Tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu tutabaki na hisia tu. Ubao mkavu kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Atomu ya kaboni ina uzito wa 12, ya oksijeni 16. Hewa ukaa ni kaboni moja na oksijeni mbili: 12 jumlisha 32, ni 44. Kwa hiyo kila kilo 12 za kaboni zilizo ndani ya ubao zilitoka katika kilo 44 za hewa ukaa. Ubao mkavu wa kilo moja una nusu kilo ya kaboni, na nusu kilo hiyo iliondoa angani karibu kilo 1.8 za hewa ukaa. Ubao ulioondoa hewa yenye uzito kuliko wenyewe! Ile oksijeni ya ziada mti uliirudisha, nasi tunaivuta.

Hesabu hiyo iandike pembeni, tutaihitaji London.

Kila Septemba, tangu mwaka 2003, jiji la London hufanya tamasha la ubunifu, London Design Festival, na tangu 2009 jumba la makumbusho la Victoria and Albert limekuwa makao yake. Ndani ya kumbi na nyua za jumba hilo, wabunifu huweka vitu vikubwa vya muda ambavyo watu huvizunguka, huvipanda na kupita chini yake. Mwaka 2018, katika ua unaotazamana na barabara ya Exhibition Road, wasanifu wa Waugh Thistleton pamoja na wahandisi wa Arup walisimamisha jengo la mbao liitwalo MultiPly, lenye kimo cha mita 9. Lilikuwa masanduku makubwa yaliyopandishwa moja juu ya jingine, yenye ngazi, vijia na madaraja, ili mgeni apande, apotee kidogo, kisha atokee juu. Wabunifu wake walisema wazi kwamba walitaka lizungumzie mambo mawili kwa pamoja: uhaba wa nyumba na joto la dunia.

Aliyewaunga mkono ni baraza la wauzaji wa mbao ngumu za Marekani. Nalitaja kwa sababu katika matamasha ya namna hii neno "endelevu" hubandikwa mara nyingi na mtu mwenye bidhaa ya kuuza. Hilo halifanyi neno kuwa uongo. Linatudai tu tuje na mizani, kama Van Helmont.

Mbao zenyewe zilikuwa za mti wa Marekani uitwao kitaalamu Liriodendron tulipifera, mti mrefu, unaokua haraka, wenye mbao nyepesi kwa kundi la mbao ngumu. Lakini ubao wa kawaida haujengi ghorofa, na kila aliyewahi kupasua kuni anajua kwa nini. Piga shoka sambamba na nyuzi: kuni inafunguka kwa pigo moja. Piga kukata nyuzi: shoka linaruka. Ubao ni kama fungu la mirija iliyobanwa pamoja, imara sana kwa urefu wake, dhaifu kwa upana. Tena hauishi kujongea. Mlango unaofungika vizuri kiangazi hukwama masika, kwa sababu mirija imekunywa unyevu ikavimba. Inavimba kwa upana. Kwa urefu karibu haibadiliki hata kidogo.

Katika miaka ya 1990 mafundi na watafiti wa Austria na Ujerumani waliyatibu maradhi hayo yote mawili kwa wazo moja. Panga mbao sambamba, ubao kando ya ubao. Juu yake paka gundi, panga tabaka la pili likikingama na la kwanza. Kisha la tatu likirudi kufuata la kwanza. Gandamiza kwa nguvu. Sasa tabaka la kwanza likitaka kuvimba kwa upana, linakutana na urefu wa tabaka la pili, na urefu hauvimbi, kwa hiyo linazuiwa. Shoka la mzigo likija upande wowote linazikuta nyuzi zilizokingama. Plaiwudi hufuata kanuni hiyo hiyo kwa karatasi nyembamba za mti. Hapa kanuni imepandishwa kuwa ukuta mzima, mnene, unaokatwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta ukafika kwenye ujenzi ukiwa na madirisha yake tayari. Waugh Thistleton walikuwa wazoefu. Mwaka 2009, mtaa wa Hackney hapo hapo London, walimaliza jengo la makazi la ghorofa 9, na katika 8 kati yake kuta, sakafu na hata visima vya lifti ni mbao hizo.

Rudi sasa kwenye ua wa makumbusho. Ukisimama pale umekanyaga vigae vya kauri, na chini ya vigae kuna ukumbi wa maonyesho wa mita za mraba 1,100 usio na nguzo hata moja, uliofunguliwa mwaka 2017. Yaani ua ule ni paa. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Mita moja ya ujazo ya mbao ile haizidi sana kilo 450. Mtu yeyote anayebeba mzigo juu ya paa la mwenzake anaelewa tofauti hiyo bila kuambiwa.

Zichukue kilo 450 hizo uzipitishe kwenye hesabu yetu. Hata ubao uliokaushwa huwa na unyevu, tuseme kilo 50. Zinabaki 400 za ubao mkavu. Nusu yake, kilo 200, ni kaboni. Zidisha kwa 44, gawanya kwa 12: kilo 730 na kitu. Kwa kila mita ya ujazo ya ubao uliokuwa pale, zaidi ya kilo 700 za hewa ukaa zilikuwa zimetolewa angani na kufungiwa katika umbo ambalo watoto walilipanda kwa miguu.

Zege huenda kinyume. Saruji huanza na mawe ya chokaa, na watu wa pwani yetu wanaujua mwanzo huo kutoka kwenye tanuu: matumbawe yamepangwa juu ya magogo, moto unawashwa, mawe magumu yanatoka yakiwa mepesi na yenye kuvunjika vidoleni. Wepesi ule ni hewa iliyotoka. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa huacha kilo 56 za chokaa, na kilo 44 zinapaa zikiwa hewa ukaa. Moto ukibadilishwa, ukawa wa umeme wa jua, kilo 44 zile bado zitatoka, kwa sababu zilikuwa ndani ya jiwe. Ndiyo maana saruji peke yake huchangia asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu. Mita ya ujazo ya zege la kawaida, lenye kilo 300 hivi za saruji, huwa imetoa zaidi ya kilo 200 kabla halijamwagwa.

Msomaji makini atasema: lakini mbao zimevuka bahari. Ni kweli, tuzipime. Meli kubwa ya makontena hutoa kati ya gramu 10 na 20 za hewa ukaa kwa kila tani kwa kila kilomita. Kutoka New York hadi London kwa bahari ni kilomita 6,000 hivi. Kilo 450 kwa safari hiyo zinagharimu kati ya kilo 27 na 54. Ongeza malori ya pande zote mbili, ongeza kukausha, kupasua na gundi. Deni linapanda, lakini bahari, iliyotutia hofu, haikuwa sehemu yake kubwa.

Kinachonitia hofu mimi ni msitu. Gogo likipasuliwa, sehemu kubwa, pengine hata nusu, huishia kuwa magome, maranda na vumbi, na vingi vya hivyo huchomwa. Mizizi inaoza ardhini. Hesabu yote niliyoipiga inasimama juu ya sharti moja: pale ulipokatwa mti, mwingine uote na uachwe ukue. Msitu ukigeuzwa shamba au jangwa, ubao uliotoka humo umebeba ukaa wake, lakini nyuma yake kuna shimo ambalo hakuna anayelijaza. Jengo la tamasha haliwezi kukuonyesha shimo hilo. Lazima uliulize.

Na moto? London ya mwaka 2018 haikuuliza swali hilo kwa kudadisi tu. Juni 2017 jengo la Grenfell lilikuwa limeungua na kuua watu 72, moto ukipanda kwa nje kwenye bamba za kufunikia zenye kiini cha plastiki. Mwishoni mwa 2018 serikali ilipiga marufuku vitu vinavyoungua katika kuta za nje za makazi marefu kuliko mita 18 nchini England, na mbao zikaingia humo. Fizikia ya ubao mnene ina jambo la kusema hapa, nalo limo ndani ya kopo letu. Ubao mnene ukishika moto, uso wake hugeuka mkaa, na mkaa hupitisha joto kwa shida sana. Unakuwa blanketi. Moto hula ndani polepole, chini kidogo ya milimita moja kwa dakika, na mhandisi huongeza unene unaolingana na saa za kutoa watu. Lakini gundi ikilegea tabaka likadondoka, ubao mbichi unafunuliwa na moto unapata chakula kipya. Kwa hiyo wanaodai ushahidi zaidi wana haki ya kuudai.

Miaka 3 baadaye, 2021, jumba hilo hilo lilikuwa na kitu cha namna nyingine katika bustani yake ya ndani: banda la wasanifu wa Nebbia Works, liitwalo Between Forests and Skies, la bamba za alumini zilizokatwa na kukunjwa mpaka bamba likajizalia miguu yake. Safari hii mfadhili alikuwa mzalishaji wa alumini, na sifa iliyotangazwa ni kwamba alumini yenyewe ina ukaa mdogo. Sifa hiyo inapimwaje?

Alumini haipatikani ikiwa metali safi. Huwa imeshikamana na oksijeni kwa nguvu kubwa mno. Mwaka 1886 Charles Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuitenganisha kwa umeme. Lakini umeme hupitishwa kwa nguzo za kaboni, na oksijeni inayobanduka kwenye alumini huikamata kaboni ile na kuondoka nayo. Ukifuata uzito wa atomu: kwa kila kilo 108 za alumini, kilo 36 za kaboni huliwa, na kilo 132 za hewa ukaa hutoka. Hiyo ni kemia peke yake. Umeme wenyewe ni kama uniti 14 kwa kilo moja. Ukitoka kwenye makaa ya mawe ni janga, ukitoka kwenye maporomoko ya maji ni nafuu kubwa. Wenye viwanda wanatafuta nguzo zisizoliwa, ili kinachotoka kiwe oksijeni tupu.

Hata hivyo, fadhila kuu ya alumini wanaijua mafundi wa jua kali wanaoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza sufuria. Ikishatenganishwa na oksijeni, kazi kubwa imekwisha. Inayeyuka kwa nyuzi 660 tu, na kuiyeyusha upya hudai karibu asilimia 5 ya nishati ya kuizalisha mara ya kwanza. Sufuria iliyopasuka haijapoteza kitu isipokuwa umbo.

Basi tuna vitu viwili vyenye tabia zinazopingana. Alumini hutoa deni lake lote siku ya kuzaliwa, na kila inapotumika upya deni linagawanywa kwa wengi. Ubao huzaliwa na akiba, na akiba hiyo inaweza kupotea. Uchome, na hewa ukaa yote iliyokusanywa kwa miaka 50 inarudi angani kabla ya chakula kuiva. Uache uoze, itachukua miaka, lakini itarudi. Uweke pakavu ufanye kazi, itabaki. Lamu kuna nyumba za mawe za karne ya 18 ambazo dari zake zilipangwa boriti za mikoko, na boriti inayoendelea kuzuia dari imeuzuia pia ukaa ambao mkoko uliuvuta kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

Ndiyo maana kitu nilichokiangalia zaidi katika MultiPly ni viungo vyake. Masanduku yalitengenezwa ili yafunguliwe: kila kipande kikishikwa na mwenzake kwa namna ambayo fundi anaweza kuirudia kinyumenyume. Aprili 2019 masanduku hayo yalikuwa Milan, yamesimamishwa upya katika ua wa chuo kikuu, yamepangwa kufuata ua ule na si ule wa London. Kitu cha tamasha kilichopigiliwa misumari na kugandishwa pamoja, hata kikiwa cha mbao safi kuliko zote, tayari ni kuni.

Jumba la Victoria and Albert lina historia na jambo hili la kufungua na kusimamisha upya. Lilianzishwa mwaka 1852 kutokana na faida ya maonyesho makubwa ya 1851, yaliyofanyika karibu na hapo, Hyde Park, ndani ya jengo la chuma na vioo la Joseph Paxton. Vipande vyake vilitengenezwa viwandani, vikaunganishwa bustanini. Maonyesho yalipokwisha vikafunguliwa na kupelekwa Sydenham, jengo likafunguliwa tena 1854 na kudumu mpaka lilipoungua 1936. Makumbusho yenyewe yalipohamia mahali yalipo sasa, mwaka 1857, yalianza katika mabanda ya chuma yaliyofunikwa mabati, mabaya machoni kiasi kwamba watu wa London waliyaita maboila ya Brompton. Majengo ya kudumu yalipoanza kupanda, sehemu ya mabanda hayo ilifunguliwa, ikachukuliwa hadi Bethnal Green, mashariki ya jiji, ikavishwa kuta za matofali na kufunguliwa 1872.

Chuma kile kiliyeyushwa kwa makaa ya mawe, na ukaa wake ulishapaa zamani, katika miaka ya 1850. Hakijayeyushwa tena tangu hapo. Leo jengo hilo la Bethnal Green ni makumbusho ya watoto, yaliyofunguliwa upya mwaka 2023 baada ya ukarabati, na ukiingia ukainua macho utaiona mihimili ile ile, imepakwa rangi, juu ya watoto wanaocheza.